Kisiwa cha Gozo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaotaka Kukitembelea

Tangu nihamie Malta, kila msimu wa joto unapokaribia simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na marafiki, wa Dar, wa Mombasa, wa Muscat, hata wa Uingereza. Karibu wote wana siku tano au sita za mapumziko, na karibu wote wameitengea Gozo siku moja tu, tena nusu ya siku hiyo wataimalizia kwenye foleni ya boti. Nimechoka kuandika majibu yale yale kila mwaka, basi nimeyaweka hapa.

Gozo ni wapi hasa, na ni kubwa kiasi gani?

Ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta, katikati ya bahari ya Mediterania, kusini mwa Sicily. Eneo lake ni kilomita za mraba 67 tu: urefu kilomita 14, upana kama 7 hivi. Pemba ingeweza kukimeza zaidi ya mara kumi na nne. Wenyeji hawakiiti Gozo. Wao husema Għawdex, na hiyo „għ" haitamkwi, kwa hiyo unasikia „Audesh".

Siku moja inatosha?

Kwa kupiga picha, ndiyo. Kwa kukijua kisiwa, hapana. Wageni wa siku moja hushuka bandarini saa nne asubuhi, wanazungushwa kwa basi, na saa kumi na moja jioni wanarudi zao. Wakishaondoka, meza za Victoria, mji mkuu wa kisiwa, hurudi kwa wenyewe, wazee wanakaa kwenye mabenchi, watoto wanachukua uwanja, na mawe ya kuta yanageuka rangi ya asali. Usipolala Gozo hiyo saa huipati. Nashauri usiku mbili.

Kama huna budi, siku ni moja tu, chukua vitu vitatu: ngome ya Cittadella, mahekalu ya Ġgantija na mashamba ya chumvi ya Xwejni. Mengine yaache, usijitese.

Nafikaje huko?

Hakuna daraja, na wageni wengi hufika kwa maji. Kutoka uwanja wa ndege wa Malta panda basi la X1 hadi Ċirkewwa, ncha ya kaskazini. Safari hiyo huchukua zaidi ya saa moja, na barabara zikijaa ndiyo usiulize. Hapo kuna pantoni kubwa zinazobeba watu na magari hadi bandari ya Mġarr kwa dakika 25 hivi. Usihangaike kutafuta dirisha la tiketi Ċirkewwa. Nauli hulipwa wakati wa kurudi, kule Mġarr. Siku ya kwanza mimi nilizunguka jengo zima na noti mkononi, mpaka mama mmoja wa usafi akanionea huruma akanielekeza niingie tu.

Njia ya pili ni boti ya kasi kutoka Valletta, mji mkuu wa Malta, dakika 45 hivi. Inafaa ukiwa umefikia mjini, ila haibebi magari, na upepo ukichafuka hiyo ndiyo hutangulia kusimamishwa.

Viza, pesa, umeme?

Malta imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ukishaingia Malta, kwenda Gozo hakuna ukaguzi mwingine wa pasi. Pesa ni euro tangu 2008. Soketi za umeme ni zile zile za matundu matatu tunazotumia nyumbani, na magari yanapita kushoto, maana Mwingereza alitawala huku pia mpaka 1964. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta.

Lile tao kubwa la mawe baharini liko upande gani?

Swali hili huniuma kila nikilijibu. Tao hilo, Azure Window, lilianguka asubuhi ya tarehe 8 Machi 2017, wakati wa dhoruba. Halipo. Bado kuna wauza postikadi wanaolionyesha, ndiyo maana watu hawaamini.

Lakini nendeni Dwejra, pale lilipokuwa limesimama, hivyo hivyo. Kuna ziwa dogo la maji ya chumvi lililozungukwa na majabali, ambalo limeunganishwa na bahari kwa tundu refu la mita kama 80 ndani ya mwamba. Wavuvi wanakupitisha humo kwa mitumbwi ya mashine. Ndani ni giza, unainamisha kichwa bila kuambiwa, injini inavuma kwenye kuta, halafu ghafla unatokea bahari kuu na maji yamekuwa buluu ya wino. Bahari ikiwa na mawimbi hawaendi, na usiwabembeleze.

Pembeni, nje kidogo ya ufukwe, umesimama mwamba mkubwa peke yake. Wenyeji wanauita Jiwe la Jenerali. Juu yake huota mmea mmoja mwekundu mweusi, kama rungu, ambao wakuu wa Shirika la Mtakatifu Yohana, wapiganaji Wakatoliki walioitawala Malta zamani hizo, waliamini unazuia damu na kutibu kuhara. Waliuthamini kiasi cha kuchonga kingo za mwamba ziwe laini ili mwizi asipate pa kushika, na kuweka mnara wa walinzi ufukweni, ule uliojengwa 1652 na ambao bado upo. Wazamiaji nao huja Dwejra kwa ajili ya shimo liitwalo Blue Hole. Na mabaki ya lile tao sasa ni wao wanaoyatembelea, chini ya maji.

Ukitaka tao lililosimama, lipo la Wied il-Mielaħ upande wa kaskazini. Ni dogo kuliko lile lililoanguka, na watu ni wachache.

Ġgantija ni mawe tu, kwa nini nilipe kuingia?

Ni mawe, kweli. Lakini mahekalu haya mawili ya kijiji cha Xagħra (tamka „Shaara") yalijengwa kati ya mwaka 3600 na 3200 kabla ya Kristo. Piramidi kubwa ya Giza ilikuwa bado miaka elfu moja mbele. Waliojenga hawakuwa na chuma. Kuta nyingine zinafika mita sita, na yapo mawe yenye urefu unaozidi mita tano. Ndani ya eneo hilo kuna vijiwe vya mviringo kama mipira, na wataalamu hudhani vilitumika kuviringishia mawe makubwa.

Wanakijiji wa zamani hawakuhitaji wataalamu. Kwao aliyejenga ni Sansuna, jitu la kike, aliyekula maharage mapana na asali, akabeba mawe kichwani huku amembeba mtoto. Jina lenyewe Ġgantija linatokana na jitu. Mimi kila nikiyatazama yale mawe namwona mama wa kwetu na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na wala hainishangazi kwamba waliamini.

Nenda saa tatu asubuhi. Mchana hakuna kivuli. Tiketi yake inakuingiza pia Ta' Kola, kinu cha upepo cha 1725 kilicho jirani, ambacho bado kina vyombo vya msagishaji na vyumba alivyoishi.

Cittadella ina nini zaidi ya mandhari?

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pote.

Cittadella ni ngome iliyo juu ya kilima katikati ya mji mkuu. Mji huo una majina mawili: Waingereza waliuita Victoria 1887, kumwadhimisha malkia wao, lakini wenyeji wengi bado wanauita Rabat. Ukipanda juu ya kuta unaona kisiwa kizima, makuba ya makanisa yamechomoza kila kijiji, na bahari pande zote.

Julai 1551 jeshi la Waturuki, pamoja na Dragut, baharia aliyeogopwa Mediterania nzima, liliizingira ngome hii. Ilianguka baada ya siku chache, na watu wapatao 5,000, karibu wakazi wote wa kisiwa, wakachukuliwa utumwani Tripoli. Wengi hawakurudi. Kwa miaka mingi baadaye sheria iliwataka wakazi walale ndani ya ngome kila usiku; ilifutwa 1637. Sisi tuliokulia karibu na Bagamoyo au Mkunazini hatuhitaji kuelezwa kuta za namna hiyo zina uzito gani.

Ingia pia kwenye gereza la zamani. Kuta zake zimejaa michoro iliyokwanguliwa na wafungwa: majahazi, misalaba, viganja vya mikono, tarehe. Jean de Valette, aliyekuja kuwa mkuu wa Shirika na ambaye mji wa Valletta una jina lake, alifungwa hapa 1538 kwa kosa la kupiga mtu. Yeye mwenyewe.

Halafu kuna kitu ambacho waongozaji wengi hukipita haraka, na mimi nakuomba usikipite. Katika makumbusho ya akiolojia, humo humo ngomeni, kuna jiwe la kaburi la marumaru lenye maandishi ya Kiarabu ya Kufi, yamechongwa kwa utulivu mkubwa, mstari kwa mstari. Aliyezikwa ni Maimuna binti Hassan, aliyefariki Alhamisi ya mwezi 16 Shaabani, mwaka 569 Hijria, yaani Machi 1174. Upande wa nyuma wa marumaru hiyo hiyo una nakshi za Kirumi. Fundi alichukua jiwe la kale akaligeuza. Waarabu waliitawala Malta tangu 870, na Wanormani walishaichukua 1091, kwa hiyo Maimuna aliishi Muislamu chini ya wafalme Wakristo, zaidi ya miaka themanini baadaye. Nilikwenda na rafiki yangu wa Tanga, shangazi yake ni Maimuna. Alisimama pale kimya, kisha akasoma Fatiha. Mlinzi alisogea kando akatuacha.

Kwa nini nikisikia Kimalta naona kama naelewa nusu?

Kwa sababu kweli unaelewa, japo si nusu. Kimalta kimetokana na Kiarabu cha Sicily, kikavaa Kiitaliano juu yake, na kinaandikwa kwa herufi za Kilatini. Sisi tumekopa kutoka kisima hicho hicho. Bahari ni „baħar", dunia ni „dinja", kitabu ni „ktieb", asali ni „għasel", Alhamisi ni „il-Ħamis", Ijumaa ni „il-Ġimgħa". Ukihesabu, „sitta", „sebgħa" na „disgħa" ni sita, saba na tisa. „Merħba" ni karibu, jamaa wa marahaba yetu, na wakiagana husema „saħħa", yaani siha.

Ramani nayo inafunguka. Kijiji cha Għarb kiko magharibi. Nadur, kilichoinuka mashariki, kinatokana na neno la kutazama, shina moja na mandhari yetu. Ramla ni mchanga. Kanuni moja tu ikariri: „x" ni „sh", hivyo Xlendi ni „Shlendi" na Xewkija ni „Sheukiya".

Makanisa ni mengi mno. Niingie lipi?

Ukiwa na nafasi ya moja, ingia kanisa kuu ndani ya Cittadella, alilolichora msanifu Lorenzo Gafà na kujengwa kuanzia 1697. Simama mlangoni, tazama juu: kuba refu, lenye madirisha, mwanga unashuka. Sasa tembea mpaka chini yake. Hakuna kuba! Ni dari bapa lililochorwa 1739, na unavyosogea mistari inapinda na hila inajifichua. Nimewaona watu wazima wakienda mbele na nyuma kama watoto.

La pili ni la Xewkija, ambalo kuba lake la kweli linafika mita 75 hivi, katika kijiji cha watu wachache tu. Lilijengwa kulizunguka kanisa la zamani ili ibada zisikatike. La tatu ni Ta' Pinu, karibu na Għarb, liko peke yake shambani. Mwaka 1883 mwanamke wa kijiji, Karmni Grima, alisema alisikia sauti ikimwita humo. Pembeni mwa altare kuna vyumba vimejaa shukrani za waliopona: magongo, helmeti za pikipiki, nguo za vichanga, picha za meli zilizonusurika. Papa Yohane Paulo II alifika 1990 na Papa Fransisko 2022.

Funika mabega na magoti. Kanga mbili kwenye mkoba zinatosha familia nzima.

Ni kweli mji mdogo vile una nyumba mbili za opera?

Kweli kabisa, tena mtaa mmoja. Astra na Aurora ziko Triq ir-Repubblika, mwendo wa dakika chache kutoka moja hadi nyingine. Kila moja ni ya chama chake cha bendi: La Stella wanamshabikia Mtakatifu George, ambaye sikukuu yake husherehekewa Julai, Leone wanamshabikia Bikira Maria, tarehe 15 Agosti. Anayejua Simba na Yanga hahitaji maelezo zaidi. Oktoba kila upande huandaa opera yake kamili, kwaya ikiwa ya fundi bomba, mwalimu na muuza duka wa mtaani, na waimbaji wakuu wakialikwa kutoka nje. Kisiwa cha watu wapatao 40,000! Usimuulize mwenye nyumba uliyopanga ni ipi bora, utachelewa kulala.

Mashamba ya chumvi yana nini cha kuona?

Pita Marsalforn, fuata barabara ya pwani kuelekea Xwejni, na utaona mwamba wa ufukweni umechongwa mamia ya vijisanduku, kama ubao mkubwa wa bao usioisha. Kazi hii imeendelea kwa karne nyingi, familia baada ya familia. Maji ya bahari huingizwa, jua la kiangazi linayakausha, na chumvi inabaki chini. Fika asubuhi mapema, Julai au Agosti, utawakuta wenyewe: wanafagia kwa ufagio mgumu, taratibu, chumvi inatoa sauti kama ya mchele ukichambuliwa, inakusanywa kichuguu, inamwagwa kwenye gunia. Chumvi hiyo inauzwa hapo hapo. Tembea kwenye kingo, usikanyage ndani ya vijisanduku. Hicho ni chakula cha mtu.

Nikitaka kuogelea?

Ramla, ufukwe wa mchanga mwekundu wa dhahabu, ndio mkubwa na unafaa watoto. Juu yake kuna pango linalosemwa ndimo Kalipso, nimfa wa hadithi za kale za Kigiriki, alimozuia shujaa Odiseo miaka saba. Lenyewe lina hatari ya kuporomoka na huwa limefungwa, lakini mandhari ya hapo ni bure. Xlendi ni ghuba nyembamba kati ya majabali, mchanga haba, migahawa mingi. Angalia yavuyavu kabla ya kuingia majini: upepo ukivuma kuelekea nchi kavu huwaleta, ukigeuka huwaondoa, basi nenda upande wa pili wa kisiwa.

Na Blue Lagoon ya Comino, kile kisiwa kidogo kati ya Malta na Gozo?

Maji mazuri, watu wengi kupita kiasi. Siku hizi lazima uweke nafasi mtandaoni kabla ya kushuka. Mimi naenda Aprili au siendi.

Tutakula nini? Muislamu atapata chakula?

Atapata, ila aulize. Ftira ya Gozo ni kama piza iliyofunikwa viazi vyembamba, nyanya, zeituni na jibini. Ġbejna ni jibini dogo la mviringo la maziwa ya kondoo au mbuzi. La kukausha na pilipili manga ndilo kiboko. Pastizzi za jibini au njegere zinauzwa kila kona, lakini unga wake wengine huukandia mafuta ya nguruwe, kwa hiyo uliza kwanza. Sungura ndiye nyama ya sikukuu.

Kuanzia nusu ya pili ya Agosti hadi majira ya vuli hula „lampuki", na watu wa pwani mtamtambua: ni fulusi. Wavuvi huelesha matawi ya mtende baharini, samaki wanakimbilia kivuli, wavu unazungushwa. Agiza wa kukaanga na nyanya na kepa, vile vitumba vya maua vilivyochachushwa.

Nizungukeje kisiwani?

Mabasi karibu yote huanzia kituo cha Victoria na kurudia hapo, kwa hiyo kutoka kijiji hadi kijiji jirani unaweza kulazimika kupitia mjini. Niliwahi kutazama jua likizama Dwejra nikasahau saa, basi likaenda, na nikatembea kilomita nzima kadhaa gizani huku mbwa wa mashamba wakinihesabu. Piga picha ratiba ya kituoni unaposhuka. Gari la kukodi ni rahisi kwa sisi tuliozoea kushoto, ingawa vichochoro vya vijiji ni vyembamba. Bajaji zipo pia, za matembezi ya watalii, na bei yake si ya Kariakoo.

Wakati gani ni mzuri?

Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba. Machipuko kisiwa ni kijani na maua. Julai na Agosti ni jua, vumbi na fataki za sikukuu za vijiji. Januari ni baridi yenye unyevu, nyumba za mawe hazina joto, na upepo hauna adabu.

Nikichelewa, pantoni ya mwisho ni saa ngapi?

Pantoni za Mġarr hufanya kazi usiku na mchana, zikipungua tu baada ya saa sita usiku, kwa hiyo hutakwama labda dhoruba izuie. Ukifika bandarini na dakika za kusubiri, shuka hadi kwenye mitumbwi ya rangi ya buluu, njano na nyekundu. Kila mmoja una macho mawili omoni, kama majahazi ya Lamu.